Kishikio cha Mwisho Kushoto

Jioni ile nilikuwa nampelekea kaka yangu supu ya bia na mkate mweusi. Kutoka jikoni kwetu hadi kanisani ni hatua mia mbili.

Naeleza haya kwa sababu wiki iliyopita alikuja Bwana Thode, anayeandika kitabu kuhusu ujana wa Detlef Paysen, yule mtunzi mkubwa. Aliniuliza kipaji kile kilianzia wapi. Nikamwambia kilianzia kwenye mapafu ya watu.

Akacheka. Akaandika.

Detlef alikaa kwetu miaka mitatu, akijifunza kwa baba yangu, mpiga kinanda wa kanisa letu la Osterwarf. Siku hizi wanasema alikuwa malaika. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane aliyejichagulia nyama yenye mafuta na kumwita kaka yangu "Miguu". Nyimbo zake zilikuwa safi na zimekufa, kama samaki kwenye barafu. Baba alimwambia hivyo mezani, mbele yetu. Detlef hakusahau.

Harro, kaka yangu, alikanyaga mivukuto, ile mifuko mikubwa ya ngozi inayosukuma upepo kwenye mabomba. Kinanda cha kanisa hakilii bila upepo, na upepo hutoka kwa mtu aliye nyuma ya ukuta wa mabomba, asikoonekana. Mpigaji akigonga kengele mara moja, anakanyaga. Mara mbili, anapumzika.

Kila sauti ya kinanda ina kishikio chake cha kuvuta. Kimoja, cha mwisho kushoto, kilikuwa kimepigiliwa msumari. Baba hakusema sababu. Tulijua tu kwamba fundi aliyekitengeneza alizikwa wiki ileile kilipolia mara ya kwanza. Hakuwa ameugua.

Asubuhi ile Detlef aliazima koleo letu la kung'olea misumari.

Nilipofika uani mwa kanisa, kinanda kilikuwa kinalia. Sauti nene, yenye unyevu. Inapanda... inasita... inashuka. Haikuwa nzuri. Ilikuwa hai.

Mlangoni nilinusa nta, kisha kitu kama pumzi ya mgonjwa asubuhi.

Nikapanda ngazi. "Harro, supu inapoa."

Mivukuto yote minne ilikuwa imelala, haina upepo.

Harro alikuwa chali sakafuni, mdomo wazi. Kifua chake kikishuka, wimbo unashuka. Kikipanda, unapanda.

Si yeye aliyekuwa anakipandisha.

Nikaweka bakuli chini, nikarukia mvukuto wa kwanza. Kinanda kikameza upepo wangu. Harro akakohoa, akafumbua macho.

"Dada... usiache."

Niliinua mguu kidogo, nijaribu. Macho yake yakageuka meupe. Nikakanyaga tena.

Mbao zina ufa pale. Nilikiona kisogo cha Detlef, na msumari juu ya benchi kando yake.

"Detlef," nikanong'ona. "Achia. Harro anakufa."

"Nani anakanyaga?"

"Mimi."

"Ndiyo maana imeharibika. Shuka, Wiebke. Ikitoka kwake ndiyo inakuwa tamu."

"Kumbe unajua?"

"Nakaribia kumaliza. Narudia sehemu ya pili tu."

Akarudia. Akarudia tena. Alikuwa anapiga kwa mkono mmoja, na mwingine unaandika. Mivukuto ile ilitengenezwa kwa uzito wa mwanamume. Mapaja yangu yakaanza kutetemeka. Mguu wangu ukagonga bakuli, supu ikamwagika kwenye mbao.

Nikateleza.

Noti ya mwisho ni ndefu. Wataalamu wanasema hakuna mtunzi mwingine angethubutu kuishikilia kiasi kile. Mimi nilikuwa nimemshika Harro mkono. Noti iliisha alipoisha.

Kimya...

Kisha kengele ikagongwa mara mbili.

Pumzika.

Baba alipigilia msumari mpya. Detlef hakuja mazishini. Alisema koo linamuuma. Aliondoka na karatasi zake, na huko alikokwenda akawa mkubwa. Bwana Thode ana orodha ya makanisa yote aliyopiga. Nilimwomba aongeze pembeni majina ya wakanyaga mivukuto, na mwaka kila mmoja alipozikwa.

"Bibi, watu hao hawaandikwi," alisema.

Leo jioni amerudi, uso umempauka.

"Jumapili tunaupiga ule wimbo hapahapa. Tumeung'oa ule msumari, bibi. Bila hivyo tusingemtendea haki marehemu Paysen."

"Nani anakanyaga?"

"Hilo ndilo la ajabu. Leo kwenye mazoezi mkanyagaji hakutokea, na kinanda kikalia tu. Vizuri mno. Mimi nilikuwa nimekaa kule nyuma, kwenye mivukuto, naandika..."

Akashika ukingo wa meza yangu. Mdomo wake ukabaki wazi kidogo.

"Ngazi zenu, bibi," akasema, akitafuta pumzi. "Zinachosha."

Nyumba yangu haina ngazi.