Fundi Bomba Atoboa Ndoo

Bomba likivuja mtaani, aliitwa yeye. Tangi likivuja, yeye. Hata paa likivuja, ingawa paa si kazi yake, watu walimgongea yeye mlango. Mtaa mzima ulimwita Fundi Bomba, na mke wake pia, hasa akitaka kumtania. Mtu huyu hakuweza kuona tone la maji likidondoka akanyamaza. Akienda kutembelea watu, alikagua mabomba yao kabla hajamaliza salamu.

Lakini mwaka huo nyumbani kwake palikuwa na jambo lililomshinda. Mama yake alikuwa hana raha.

Mama alikuwa mkulima tangu usichana wake. Aliishi peke yake shambani, mpaka siku alipoteleza kisimani akaumia goti. Alilala pale chini tangu asubuhi hadi saa sita mchana, hakuna aliyemsikia. Fundi Bomba alipopata habari, alimfuata siku hiyohiyo. Akamleta kwake, ghorofa ya pili, vyumba viwili na roshani.

Goti lilipona, moyo haukupona. Hapo kila kitu alifanyiwa. Mkwe wake alipika, akafua, akamwekea na mto mgongoni. Mama alikaa kitini, mikono mapajani, akitazama ukuta wa jirani.

"Mwanangu," alisema siku moja wakati wa chakula cha mchana, "mnanilea kama yai, nawashukuru. Lakini mikono yangu haijazoea kukaa bure. Narudi kwangu."

"Mama! Ukianguka tena je? Nani atakuokota?"

"Huko nitaanguka, sawa. Hapa nitaoza nimekaa."

Mke wa Fundi Bomba akaingilia kati. "Mama, si ulime pale roshani? Kwenye ndoo. Kuna watu wanafanya hivyo."

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. "Kulima kwenye ndoo! Haya, nipeni hizo ndoo. Nikila mboga ya mkono wangu humu ndani, nakaa. Nisipokula, mnipeleke stendi, na mtu asinililie."

Ndoo! Fundi Bomba nusura aruke. Kama ni ndoo tu, mama haendi popote. Alitafuta tano kubwa. Akazijaza maji, akaziacha siku nzima, akazipapasa chini moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akauziba.

"Mama, ndoo hizi hazipotezi hata tone moja!" alijisifu.

Akabeba udongo wa mfinyanzi kutoka mahali palipokuwa pakichimbwa msingi wa nyumba. Ulikuwa mzito, ngazi alipanda akihema. Mama akasia mchicha, akamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya nne mbegu zikachipua, na nyumba nzima ikafurahi.

Furaha haikudumu. Wiki ya pili majani yakawa ya njano. Mama akadhani ni kiu, akaongeza maji. Wiki ya tatu mashina yakaoza, na udongo ukanuka kama bwawa. Shambani maji yaliyozidi yalijiendea yenyewe chini, hakuwahi kuyawazia. Miaka arobaini ya kilimo, ashindwe na ndoo tano! Aliona aibu, masikini.

Kesho yake, Alhamisi, begi lake la turubai lilikuwa limesimama karibu na mlango, limefungwa.

"Jumamosi naondoka," alisema.

Fundi Bomba alikwenda kazini amenyong'onyea. Siku hiyo aliitwa na mpishi wa shule, mwanamke mnene, mcheshi, anayeitwa Mama Mwiko. Koki ya uani kwake ilikuwa imeharibika. Fundi akaingia uani, akashangaa. Ndoo, makopo na beseni kuukuu, vyote vimejaa mboga za kijani kibichi.

Halafu akaona maji yakidondoka chini ya ndoo moja.

Hakujizuia. Alitoa gundi yake ya kuzibia, akapiga magoti, akainamisha ndoo, akaziba tundu la kwanza. Akaziba la pili. Alikuwa kwenye la tatu aliposikia sauti nyuma yake.

"We fundi! Unafanya nini?"

"Ndoo yako inavuja, mama. Usijali, hii nakuzibia bure."

"Unaniulia mboga bure, sema hivyo! Hayo matundu nimetoboa mwenyewe!"

"Umetoboa ndoo iliyo nzima? Ya nini?"

"Mizizi nayo inapumua, fundi. Maji yakituama chini, mmea unazama. Wewe nikikuzamisha kwenye tangi siku tatu, utatoka na majani?"

Fundi Bomba alikaa chini, puu! Kumbe! Akamweleza yote: mama, goti, ndoo zisizovuja, na lile begi mlangoni.

Mama Mwiko alimwonea huruma. "Anaondoka keshokutwa? Basi unakaa hapa unangoja nini? Twende! Ila kwanza nitengenezee koki yangu."

Walifika nyumbani kwa Fundi Bomba na nusu gunia la samadi.

"Shikamoo, mama," Mama Mwiko alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisindikiza?"

"Nimekuja kukuambia kosa si lako. Ni la mwanao."

"Nilijua tu!" Mama alisema, akakaa vizuri kitini.

Mama Mwiko alikagua ndoo. "Hii ilikuwa na nini?"

"Dawa ya kuzibulia vyoo," alisema Fundi Bomba. "Lakini niliiosha."

"Hata ungeiosha mwaka mzima! Chombo cha dawa, cha rangi au cha oili chafu hakipandwi chakula. Toa nje!"

Zikabaki nne. Fundi alichukua drili. Akaigeuza ndoo ya kwanza, akaipapasa chini, akasita. Maisha yake yote alikuwa akiziba.

"Toboa, baba," mama yake alimbembeleza.

Akatoboa matundu sita chini ya kila ndoo, unene wa penseli. Mama Mwiko akafunika matundu kwa kipande cha gunia ili udongo usitoke. Ule udongo wa mfinyanzi, ulioshika maji ukaoza, wakautupa. Wakachanganya udongo mpya: makopo mawili ya udongo mwepesi, kopo moja la samadi iliyooza vizuri, kopo moja la mchanga. Mama aliuponda kwa vidole, akatabasamu.

"Huu sasa ni udongo," alisema.

Ndoo wakaziweka juu ya vipande vya matofali, kila moja na sahani chini.

"Hizo sahani ni kwa ajili ya jirani wa chini, asije akadhani mvua imenyesha," alisema Mama Mwiko. "Mzimwage zikijaa. Na ndoo zikae hapa, jua lizipige kwa muda wa saa sita kila siku, hata zaidi."

"Na maji je?" mama aliuliza.

"Uliza kidole. Kitie udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kikitoka na unyevu, acha."

"Makubwa! Nafundishwa kumwagilia uzeeni!" Mama akacheka. "Haya, na wewe nikufundishe. Mchicha ukiota umebanana, ng'oa miche mingine, hiyo michanga uipike. Iliyobaki itanenepa."

"Na nyanya naweza kupanda?" mama aliuliza tena.

"Nyanya zinataka chombo chenye kina, mama, mkono uzame hadi kwenye kiwiko. Utafute kingine."

Mama akasia mchicha upya, na Jumamosi ilipofika, hakwenda stendi. "Nitangoja nione," alisema. "Ila begi likae palepale."

Likakaa. Kila asubuhi Fundi Bomba alipita pembeni yake akienda kazini, akilitupia jicho. Mama naye alikuwa roshani alfajiri, kidole udongoni. Mchicha ukaota. Ukapunguzwa. Ukanenepa, majani mapana, ya kijani hasa.

Wiki ya tano mama alichuma bakuli tele. Mkwe wake akapika. Mama akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole, huku mwanawe hapumui.

"Chumvi imezidi," alisema. "Lakini mboga ni yangu."

Akainuka. Akaenda moja kwa moja mlangoni, akalishika begi. Fundi Bomba naye akainuka. Si alisema akila atabaki?

Mama akaingia chumbani, akamwaga nguo zote kitandani. Akapita na begi tupu hadi roshani, akazamisha mkono ndani yake. Ukafika kwenye kiwiko.

"Mwanangu, lete drili," alisema. "Matundu sita. Nataka nyanya."

Fundi Bomba alitoboa huku anacheka na machozi yanamtoka. Wakaliweka begi juu ya matofali, wakajaza udongo, mama akapanda miche aliyopewa na Mama Mwiko, akamwagilia. Mama, mwana na mkwe, wote watatu wakainama kutazama. Tone la kwanza likatokeza chini ya begi, likadondoka, na Fundi Bomba akapiga makofi.