Aliyerudisha Kibali

KUH: HARUFU ISIYOIDHINISHWA, CHUMBA CHA KUSAGIA NYAMA.

Ndivyo meneja wa kiwanda cha soseji, ambaye wafanyakazi walimwita Waraka, alivyoanza barua yake. Aliagiza harufu ikome ifikapo Ijumaa. Harufu haikusoma barua. Ilizidi: nywele zilizochemshwa, na juu yake utamu wa kidonda kilichofungwa siku nyingi. Wakata nyama walisema ni jini. Waraka akajibu kwamba jini hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi.

Fundi aliyeiandikia mashine ya kusagia programu yake, kwa lugha ya C, hakuwa na raha. Aliyeisafisha ni dada yake mkubwa, mkono ndani mpaka begani. Kilichomlinda ni semafori, mlinda zamu wa ndani ya programu, yenye kibali kimoja: uzi wa programu, yaani mfululizo wa amri, unaozungusha kisu ukichukua kibali, uzi unaofungua mlango wa kusafishia husubiri mpaka kirudishwe. Haviendi pamoja.

Asubuhi moja kompyuta ilionyesha vibali viwili: kimoja cha kisu, kimoja cha mlango.

Simu ya ndani ikalia. "Mdogo wangu," dada alinong'ona, "humu kuna kitu kinanilamba glavu."

"Ni mafuta, dada."

"Mafuta yana ulimi?"

Fundi akatazama kumbukumbu za programu. Kibali kilikuwa kimerudishwa na yule ambaye hakukichukua. Semafori haimuulizi mrudishaji ametoka wapi; akileta kibali, hupokea.

Alishuka ngazi mbilimbili, akasikia kisu kikianza kuunguruma na mlango wa kusafishia u wazi, dada yake amepiga magoti, bega limezama, anavutwa taratibu na kitu kilichomshika vidole kwa upole wenye utelezi, na ule utamu wa kidonda ukamjaa fundi mdomoni hata akatapika huku amemkumbatia dada kiunoni, akavuta, akavuta, mpaka glavu ikabaki na mkono ukatoka, mzima, umepakwa ute wa kijivu wenye joto la mate.

Kisu kikakata kitu. Matundu ya mashine yakatema rojo, nywele, kisha kucha ndefu za manjano, moja moja, kwenye trei.

Waraka alifika na fomu ya ajali, pua ameibana. "Nani kaumia?"

Fundi alihesabu vidole vya dada yake, akarudia. Kumi.

Kucha kwenye trei zilikuwa tano: kisu kilikuwa kimesaga mkono mzima. Dada alikuwa na yake miwili, fundi miwili, Waraka miwili, na chumbani hapakuwa na mtu mwingine.