Masikio ya Baba Soro

"Nani nasema mimi, Medina?!"

Bastola ilikuwa kifuani pangu. Na aliyeishika ni mume wangu wa ndoa!

Jamani, acheni tu... Bibi yenu nilishapiga shahada moyoni.

Ilikuwa Arua, 1977. Mume wangu Taban, Baba Soro, alikuwa mwanajeshi. Tangu mzinga ulipuke karibu naye mazoezini, masikio yake yalilia mchana na usiku... ngiiiii!

Na si mnajua tunavyoamini? Sikio likilia, kuna mtu anakusema. Miaka ile ya utawala wa kijeshi, kusemwa kwa wakubwa, yaani kuchongewa, ilikuwa kifo!

"Baba Soro, mimi sijakusema! Twende kwa mzee Obeti. Akishindwa, uniue."

Obeti, nesi mstaafu wa hapo Ediofe, alikuwa analaza watu kwa maneno. Siku hizi mnaita hipnosisi. Sisi tuliita uchawi wa wazungu, lakini ningechagua nini?

Alikubali. Kwa Obeti, Taban alikaa, bastola mapajani. Mimi nikasimama nyuma yake.

"Afande, funga macho. Pumua pole pole. Sauti iko wapi?"

"Iko ndani ya kichwa..."

"Ile haiko mutu. Iko mvua juu ya mabati. Mvua nanyesha, wewe nalala."

Mabega yakashuka. Nami nikaanza kupumua.

Mara akaongea, macho yamefungwa!

"Yakubu... Yakubu nasema mimi..."

Yakubu?! Kaka yangu, aliyechukuliwa na askari sokoni Koboko, tukakosa hata maiti ya kuzika!

"Kwa nini yeye nasema wewe, afande?"

"Juu mimi ndiyo nilisema yeye kwa wakubwa..."

Nilijiziba mdomo kwa leso. Obeti, jasho likimtoka, akanitikisia kichwa. Nyamaza!

"Afande, ile iko mvua tu. Sauti itabaki, lakini haitakuogopesha tena. Amka."

Pah! Akapiga makofi.

Taban akafungua macho. Akatabasamu! Akarudisha bastola mkandani.

"Medina, kweli iko mvua tu. Samahani, mama."

"Alhamdulillahi, Baba Soro."

Nilitabasamu pia... mlitaka nifanyeje?

Ijumaa, alipokwenda kuswali, nikambeba mwanetu Soro mgongoni, nikavuka mpaka kuingia Zaire. Sikurudi kwake tena.

Mabinti zangu, mwanaume akikuuliza kila siku nani anamsema, jiulize yeye amemsema nani!

Taban alipona hofu yake. Mimi hadi leo, mvua ikigonga mabati, namsikia kaka yangu.