Mshonamchanga na Ufagio wa Mama Lameck

Mtambo ulitembea kwa miguu sita, mkubwa kama fahali, na kila hatua sindano yake ya chuma ilizamisha mabua ya uwele mchangani. Mabua yalisimama kwa mistari, mistari ikakatana, vikatokea vyumba vidogo kama vya daftari la hesabu. Katika kila chumba mtambo ulidondosha mbegu za nyasi na bonge la samadi. Upepo ukigonga mabua hupungua nguvu, mchanga hautembei, mbegu hupata muda wa kuota. Hakuna uchawi hapo. Watu wa jiji la Bahi waliuita mshonamchanga.

Mhandisi wake, Sechelela, aliushonesha mpaka mlangoni kwake, maana mtaa wake ulikuwa wa mwisho. Nyuma ya mtaa huo lilibaki tuta la mchanga lililokwisha kumeza mtaa wa jirani.

Mama mkwe wake, Mama Lameck, alikuja kutoka Mpwapwa kuwaona wajukuu. Siku ya pili Sechelela alirudi kazini mchana akakuta uwanja mweupe, una michirizi ya ufagio. Mabua yamerundikwa nyuma ya choo.

"Shikamoo, mama. Mabua yangu?"

"Marahaba. Nimeyang'oa. Umesoma sana, mwanangu, lakini uwanja ulikuwa zizi. Mgeni angekaa wapi, juu ya mavi?"

"Na kwa majirani nako kweupe?"

"Waliponiona wakatoa fagio zao wenyewe. Walikuwa na hamu hao, maskini!"

Sechelela akakaa chini kwenye kizingiti. Upepo mkali ulikwishatangazwa kwa kesho jioni. Mshonamchanga ulikuwa kazini kijiji cha Kigwe, usingerudi wiki hiyo. Bila mabua, tuta lingeingia vyumbani. Akamweleza mkwewe bila kuficha.

"Mbona hamkusema?" Mama Lameck akauliza.

"Lilitumwa tangazo kwenye simu."

"Simu! Mtu anakatazwa kufagia mlangoni kwake, na anayemkataza ni simu?" Akajifunga kanga kiunoni, akatoka njiani. "Nyie wafagiaji! Tumeharibu. Leteni majembe!"

Wakashona kwa mikono, wake kwa waume, mpaka kesho yake alasiri.

"Mama Lameck, mistari yako imelewa," jirani, Mama Nyemo, akamtania.

"Ishike mchanga tu. Hatuipeleki harusini."

Upepo ukaja. Mabati yalipiga kelele, watoto wakakohoa, Mama Lameck akaegemeza mgongo mlangoni kana kwamba angeuzuia yeye. Ulipotulia walifungua. Ngazi zilikuwa na vumbi tu. Tuta lilikuwa pale pale. Mtaa mzima ukapiga vigelegele.

Sechelela alipiga kimoja, akautazama uwanja uliojaa mabua. Miaka yote alipima upepo, mchanga na mvua. Hakuwahi kupima mahali mtu anapomkaribishia mgeni. Mtambo wake ulikuwa umewanyang'anya watu mahali hapo, na hakuna aliyeulizwa.

"Mama, ukiachiwa uwanja, unataka upana gani?"

"Mikeka miwili. Mmoja wa wageni, mmoja wa wajukuu."

Mshonamchanga uliporudi, ulishona mtaa ule nyumba kwa nyumba, kila mlango ukiachiwa uwanja wake. Ulipokaribia mlango wa Sechelela ulisimama, ukakunja sindano, ukazunguka mbali.

"Pita huko huko," Mama Lameck akauambia, ufagio mkononi. "Na hiyo miguu yako usinichafulie."