Buti la Hinnerk

Haya yalimpata rafiki yangu Detlev, tulipokuwa bandarini Lorient wakati wa vita. Nyambizi yake ilimwacha hospitalini, ikaenda baharini ikazama na wenzake wote, wasirudi. Hinnerk alikuwa mmoja wao; mama yake akaomba mfuko wa mwanawe uliobaki stoo ya bandarini. Detlev akatumwa kuuchukua.

"Taa imekufa, papasa tu," mtunza stoo akamwambia. "Marehemu hawang'ati, bwana!"

Gizani akasikia matone. Harufu ya ndani ya nyambizi ikamkaba: dizeli, jasho, mkate uliooza. Akaufuata mlio mpaka kwenye mfuko, vidole vikatambua kiraka alichokishona Hinnerk, akaingiza mkono ndani ya buti lililokuwamo. Lilikuwa limejaa maji ya bahari, mazito kama makamasi, yenye joto la mguu uliotoka humo sasa hivi.