Karatasi Chini ya Godoro la Mwalimu Damian

Kila siku kabla ya shule Kemilembe alikata majani kwenye rweya, ile mbuga ya wote iliyoanza pale migomba ya bibi yake ilipokoma. Majani hayo yalitandikwa sakafuni, na Bibi Celina hakuwa na mchezo na sakafu yake. Akiona jani la jana limesalia chini ya kigoda, nyumba tatu za jirani zilipata habari. Kwa hiyo Kemilembe, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye akili ambayo yeye mwenyewe aliiheshimu sana, aliamka mapema, akachukua mundu, akatoka.

Jumatatu ile alifuatana na rafiki yake Ashura, binti wa mwenye duka la njiapanda ya Muleba. Walikuwa hawajajaza hata tita moja walipowaona watu saba katikati ya mbuga. Sita walikuwa Waafrika waliovaa kaptura. Wa saba alikuwa Mzungu mrefu, bruda wa misheni, aliyepandisha kanzu yake nyeupe hadi magotini na kuifunga kwa mshipi. Wawili walivuta kamba ndefu yenye mafundo. Wengine walifuata nyuma wakimwaga majivu, na mahali walipopita palibaki mstari mweupe ulionyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Yadi kumi!" alipaza sauti Mzungu. "Kumi tena!"

"Wanapima," alinong'ona Ashura.

"Wanapima nini?"

"Kwani mtu akipima ardhi, wewe, huwa anataka nini? Kuibusu?"

Mmoja wa wale sita alikuwa amegeuka, na Kemilembe akamtambua. Alikuwa Baba Mdogo Damian! Mwalimu Damian alifundisha Rubafu, mbali kule Bukoba, na alikuwa amefika jana yake jioni, akasema amekuja "mafunzoni" kwa juma moja na atalala kwa mama yake. Mafunzo ya nini, hakusema. Bibi alipomwuliza, alicheka tu, akaomba aongezewe ndizi.

Wasichana wakajilaza kwenye majani. Waliyoyaona baadaye hayakuwatuliza. Wale watu walisimama katika duara, wakainamisha vichwa hadi vikakaribia kugusana, wakanong'ona. Walinong'ona katikati ya mbuga tupu, mahali ambapo hata mbuzi hakuwepo wa kuwasikia! Kisha walipiga makofi mara moja, wakatawanyika. Mmoja wao alikumbatia kitu cha ngozi chenye ncha mbili, mfano wa papai bichi, akakimbia nacho huku akitazama nyuma kama mwizi wa kuku.

"Mtu mwema hakimbii hivyo," alisema Ashura.

Jioni Kemilembe alijaribu bahati yake. "Baba Mdogo, leo mlikuwa mnafanya nini kule rweya?"

Damian alitazama mlangoni kwanza, halafu dirishani. "Ni siri. Jumamosi mtajua wote."

"Hata mimi huniambii?"

"Hasa wewe," alisema, akamfinya pua. "Mdomo wako una miguu."

Kemilembe alijichekesha, lakini moyoni hakucheka. Alimpenda baba yake mdogo. Ndiye aliyemshawishi Bibi amwache aendelee na shule, wakati majirani walipokuwa wakisema kwamba msichana ajuaye kusoma huchoma ndizi. Sasa mtu huyo huyo alikuwa akitazama madirisha kabla ya kusema.

Jumanne, alipokuwa akibadilisha majani chumbani mwa Damian, aliona ncha ya karatasi chini ya godoro. Karatasi ya mtu mwingine haisomwi. Jambo hilo Kemilembe alilijua vizuri, na alilikumbuka muda wote alipokuwa akiisoma. Ilikuwa na viduara kumi na kimoja upande huu na alama kumi na moja za mkasi, yaani X, upande ule. Mishale ilipita katikati. Mmoja ulikuwa wa wino mzito, mwingine wa vidoti. Maneno hayakuwepo.

Mtoto wa mahali pengine angedhani ni mchoro wa kuchezea. Lakini huyu alikuwa mtoto wa Muleba, na mwaka uliotangulia mabwana shamba wa serikali ya Mwingereza walikuwa wamepita vijijini kutafuta wadudu wa migomba. Mgomba uliokutwa mgonjwa ulipigwa mkasi kwa chokaa, na kesho yake ukang'olewa. Bibi Celina alipoteza migomba minne. Aliililia kwa siku mbili, kila mmoja kwa jina lake.

Kemilembe aliirudisha karatasi, akakimbia hadi dukani kwa akina Ashura.

"Mikasi kumi na mmoja!" alisema Ashura, mkono mdomoni. "Na viduara ni nini?"

"Nyumba."

"Na mishale?"

"Njia ya kupita wakija kung'oa." Kemilembe alishangaa jinsi majibu yalivyokuwa yakija yenyewe, mazuri na yaliyopangika.

Ashura alitikisa kichwa. "Mwambie bibi yako. Lakini mwambie vizuri, la sivyo atasema ni mambo ya watoto."

Bibi Celina alikuwa akimenya ndizi. Alisikiliza habari ya kamba, ya majivu na ya karatasi, na kisu chake hakikusimama. "Damian ni mwanangu," alisema. "Baba yake amezikwa katika kibanja hiki, chini ya migomba hii. Karatasi ni karatasi tu. Wewe umemwona kwa macho yako akihesabu migomba yangu?"

Hapo ndipo Kemilembe angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, halichoshi ulimi. Lakini alikumbuka maneno ya Ashura, na alitaka sana kuaminiwa.

"Ndiyo, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Yeye alihesabu, Mzungu akaandika."

Kisu kikasimama.

Jumatano asubuhi habari ilikuwa imeshavuka bonde. Kemilembe alipopeleka maziwa kwa jirani, alisimuliwa habari yake mwenyewe, ila sasa migomba ilikuwa imekuwa mia moja na kumi, Mzungu alikuwa amehesabu pia mbuzi, na Damian alikuwa akiuza kibanja chote. Alitaka kusahihisha habari ya mbuzi. Akaona akianza na mbuzi itabidi afike kwenye migomba. Akaacha maziwa, akaondoka.

Jioni Damian alipita kwa majirani kuwasalimu, kama afanyavyo mwana wa nyumbani, akamkaribisha mzee mmoja buni za kutafuna, zile zinazotolewa kwa mgeni na kwa rafiki. Mzee aliziangalia buni zile kiganjani mwa Damian, akaweka mikono yake nyuma. Kwa Wahaya hakuna kofi linalouma kuliko hilo. Damian alirudi nyumbani akiwa amekunja uso.

"Mama, nimemkosea nani?"

Bibi Celina aliingia ndani, akafunga mlango.

Ndipo akafika mjumbe wa Mzee Kamugisha, mkungu, yaani mkuu wa kijiji. Kesho saa tisa watu wote wakutane rweya. Mwalimu Damian atasema mbele ya watu anamwuzia nani kibanja cha baba yake. Asipojieleza, ataondoka siku hiyo hiyo, na hataingia tena katika nyumba ya mama yake.

Kemilembe hakula usiku ule. Alijiambia kwamba kesho Damian ataeleza, mambo yataisha, na hakuna atakayeuliza nani alisema nini. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara aliamini kidogo kuliko mara iliyopita.

Alhamisi saa tisa rweya ilijaa. Wanaume walishika mapanga ya kukatia migomba, ingawa hakuna aliyeonekana kuwa na mpango wa kukata mgomba. Mzee Kamugisha alikaa kwenye kiti, fimbo kati ya magoti. Wale sita wa kamba na majivu, walimu wote, walisimama mbele yake pamoja na yule Mzungu, Bruda Wendel, Mmarekani, ambaye alitabasamu kwa kila mtu na hakurudishiwa tabasamu hata moja.

"Mwalimu Damian," alisema mkungu, "una karatasi?"

"Ninayo, waitu."

"Ilete."

Damian aliitoa mfukoni, lakini hakuifunua. "Siwezi kuionyesha hapa."

Watu wakanguruma. "Kwa nini?" aliuliza mkungu.

"Kwa sababu Mwalimu Zahoro yupo."

Vichwa vyote vilimgeukia Mwalimu Zahoro wa Bilele, Bukoba mjini, kijana mnene mwenye kofia ya kufuma. Zahoro alijigusa kifuani. "Mimi? Mimi nina yangu mfukoni, na wala sitamwonyesha yeye!"

"Kumbe wako wengi!" ilipiga kelele sauti nyuma. "Wanagawana!"

Watu wakasogea hatua moja mbele. Bruda Wendel aliacha kutabasamu. Bibi Celina akasimama, shuka yake ameikaza kiunoni.

"Damian, mimi nilikuzaa. Mjukuu wangu alikuona ukihesabu migomba, na huyu akiandika. Kana mbele yangu."

Damian hakukana. Aligeuka polepole, akawatafuta watoto kwa macho, akampata Kemilembe. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyepotea njia.

"Kemilembe, uliniona?"

Ashura alimshika mkono. Watu wote walisubiri. Kemilembe alitazama yale mapanga, akamtazama bibi yake, akaona kwamba akinyamaza sasa baba yake mdogo ataondoka, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumzuia.

"Niliiona karatasi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akairudia. "Karatasi niliiona. Kuhesabu sikuona. Hakuna aliyehesabu. Niliongeza, ili niaminiwe."

Wenye mapanga walitazamana. Kisha mkungu alinyoosha mkono, na safari hii Damian alimpa karatasi.

"Ni mchezo, waitu," alisema kwa uchovu. "Mpira wa kwao Marekani. Bruda anatufundisha sisi sita kuwa makocha, tuupeleke katika shule zetu. Jumamosi sisi watatu tuliozaliwa Muleba tutashindana na watatu wa Bukoba, tukiwapanga vijana wa misheni. Kila upande una mbinu zake, na tumeapa kuzificha. Viduara ni watu wetu. Mikasi ni watu wao. Mistari hii ni ya kupimia mpira umefika wapi. Mvua ikinyesha itaondoka."

"Maneno," alisema Mzee Kamugisha. "Maneno nimeyasikia tangu jana. Onyesha."

"Tunahitaji watu ishirini na wawili."

Mkungu aliwatazama wenye mapanga. "Wekeni vyuma chini. Wewe, wewe, na ninyi wote pale." Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akawapanga watu kama ilivyochorwa, kiduara kwa kiduara. Mwisho nafasi moja ilibaki wazi. Akavua koti. "Na mimi ni mkasi wa hapa."

Bruda Wendel alieleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: wenye mkasi wamkamate mwenye mpira, ila wasipige mtu. Akapuliza filimbi. Damian aliupokea mpira, akaupeleka tumboni, akakimbia kushoto huku akiinama. "Yule! Yule!" alipiga kelele mtu mmoja akinyoosha kidole, na mikasi yote kumi na mmoja, mkungu akiwa mbele kwa heshima zake zote, ikamkimbilia. Walimkamata karibu na uzio wa Bibi Celina, wakamwangusha chini. Mikono yake ilikuwa mitupu. Upande wa kulia mwalimu mmoja mfupi alikuwa akitembea taratibu kuvuka mstari wa mwisho, mpira aliopenyezewa na Damian ukiwa kwapani.

Watu walichelewa kuelewa. Halafu mbuga nzima ikacheka, isipokuwa Zahoro, aliyeshika kichwa.

"Siku tatu tumeitafuta mbinu hiyo!" alilalamika. "Sasa hata mbuzi wa Muleba wanaijua!"

Mzee Kamugisha alinyanyuka, akajifuta majivu magotini, akaifunua karatasi tena. Aliufuata kwa kidole mshale wa vidoti ulioelekea kushoto, kisha ule wa wino mzito ulioelekea kulia. Alitikisa kichwa. Akamwita Kemilembe.

"Umeona nilivyokimbia?"

"Nimeona, waitu."

"Mtu mmoja alionyesha kidole, na sisi wazima kumi na mmoja tukakimbilia mahali ambapo mpira haupo. Hapa tumecheka, kwa kuwa ni mchezo. Tangu juzi tumekuwa tukikimbia hivyo hivyo nyuma ya neno lako, na tulikuwa na mapanga. Kushuku si kosa, mtoto wangu. Ulipoona jambo usilolielewa ulifanya vizuri kusema. Kosa lako ni lile ulilolitia wewe. Ukiulizwa ulichoona, sema ulichoona, halafu uishie hapo." Akamgeukia Damian. "Na wewe, Mwalimu, usiwe unatazama madirisha. Ungemwambia mama yako kwamba ni mchezo, Zahoro asingepata faida yoyote."

"Ni kweli, waitu," alisema Damian. Akapiga goti mbele ya mama yake, naye Bibi Celina akaushika uso wake kwa mikono miwili.

Lakini Bibi hakuwa amemaliza. Siku iliyofuata, baada ya masomo, Kemilembe alitumwa kwenye kila nyumba iliyofikiwa na habari ile, aseme ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Zilikuwa nyumba ishirini na saba. Damian alimsindikiza, ila kila mara alisimama njiani, akamwacha aingie peke yake. Katika nyumba ya sita mtoto alimcheka. Katika ya kumi alikaripiwa. Katika ya ishirini na moja ilibidi aeleze kwamba hakuna mbuzi aliyehesabiwa, wala hakuna Mzungu aliyeahidiwa mke.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bikizee aliyesikia kwa shida. Kemilembe alimsimulia kwa sauti kubwa kwamba baba yake mdogo hakuuza kitu, na kwamba yeye ndiye aliyeongeza uongo.

"Kwa hiyo ni mchezo," alisema bikizee. "Na Jumamosi watashinda akina nani?"

Kemilembe alikuwa na jibu. Lilikuwa zuri, lenye Zahoro ndani yake, na lilikwishafika kwenye ncha ya ulimi.

"Sijui, waitu," alisema. "Bado sijaona."