Kibao cha Wageni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule msichana alifagia mbele ya mlango wao, na kila asubuhi kazi yake iliharibiwa kabla hajarudisha ufagio ndani. Leo ilikuwa chupa ya plastiki iliyorushwa kutoka dirishani mwa gari dogo la bluu. Gari la nyuma yake likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa, akakohoa kwa kujitahidi na kutema mate palepale paliposafishwa. Kisha akapiga honi, kana kwamba msichana ndiye aliyemchelewesha.

Msichana akasonya. Ulikuwa msonyo mrefu uliotoka chini kabisa ya koo, na kwa misonyo kama hiyo mjomba wake alimpa jina la Bi Msonyo.

"Huo mdomo utabaki umepinda hivyo hivyo," Bibi alisema. Alikuwa amekaa kitini, mlangoni, kikombe mkononi.

"Bora upinde, Bibi. Umeona alichotema?"

"Nimeona. Nashukuru nilikuwa nimeshamaliza chai."

Mtaa wao ulikuwa mwembamba. Milango ilifunguka barabarani moja kwa moja, na upande mmoja ulipita mtaro. Haukujengwa kwa ajili ya foleni, lakini foleni iliujia. Kule barabara kuu kulikuwa na taa, na kwenye taa magari yalikaa asubuhi nzima yakinguruma. Basi wajanja wachache wakagundua kwamba ukikata kulia penye banda la fundi cherehani, unapita katikati ya makazi ya watu na kuibukia mbele ya taa. Wajanja wachache wakawa wengi. Walipita na vumbi lao, na moshi wao, na muziki wao, na maganda ya ndizi waliyoyatupa popote mkono ulipochoka. Mvua ikinyesha, walipita na maji ya mtaro na kuyamwaga kwenye sare za watoto. Hakuna aliyesimama kuomba radhi.

Zamani Bibi hakuwa mtu wa kukaa kitini. Ng'ambo ya barabara aliishi shoga yake, mkunga mstaafu, na kila siku Bibi alivuka kwenda kwake, akarudi, akavuka tena kwa sababu kuna jambo alisahau kulisema. Msimu wa mvua uliopita kioo cha pembeni cha gari fulani kilimgonga fimbo. Fimbo ikaruka mtaroni, Bibi akaifuata. Dereva hakugeuza hata shingo. Michubuko ilipona, ila miguu iligoma kuvuka. Tangu hapo mashoga wawili walizungumza kwa kupigiana kelele kutoka mlango hadi mlango. Mkunga akianza habari ya harusi iliyovunjika, lori linapita, na Bibi anabaki na mkia wa habari usio na kichwa.

Msichana alipomwona Bibi ametega sikio namna ile, kitu kilimjaa. Haikuwa huzuni. Kilikuwa kinyaa, na alikuwa nacho cha kuwatosha madereva wote wa mji.

Wakazi walichoka. Waliitisha mkutano, na mhandisi wa manispaa akaja, mwanamke mwenye viatu vya kazi vilivyojaa vumbi. Aliyezungumza kwa ukali kuliko wote alikuwa Mjomba. Mjomba aliishi chumba cha uani nyumbani kwa Bibi na alisambaza mayai madukani kwa pikapu yake.

"Wageni hawa hawana adabu," alisema, mishipa ya shingo imemtoka. "Wamemwangusha mama yangu mzazi mtaroni. Tunataka kibao."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa akasimama kuyapokea, kana kwamba yamepigwa kwa ajili yake.

Mhandisi akawaeleza taratibu. Kitawekwa kibao penye kona ya fundi cherehani: duara jekundu lenye mshale wa kulia uliokatwa mstari. Kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi, siku za kazi, gari lolote lisikate kulia kuingia mtaani. Anayetaka kuingia apite taa kama wenzake, azunguke penye kituo cha mafuta, aingilie upande wa pili.

"Gari lolote," alirudia. "Tutakijaribu kwa mwezi mmoja. Nitakuja siku nisiyowaambia. Nikikuta magari bado yanaingia, nitaking'oa na kukipeleka mtaa mwingine. Kuna watu wanakililia."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Kila mmoja alikuwa akifikiria gari la mtu mwingine.

Kibao kilisimikwa. Siku ya kwanza watoto walikizunguka kama wanaangalia mnyama mgeni. Siku ya pili msichana na rafiki yake Kijiti, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, walisimama pale konani wakielekea shule ili wafurahie kuwaona madereva wakinyimwa njia.

Gari la kwanza kutokea lilikuwa la Mwenyekiti, limeng'arishwa mpaka linaonyesha mawingu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, wanangu. Someni kwa bidii." Akawapungia mkono, akakata kulia chini ya kibao.

Nyuma yake, dereva wa gari la kijivu alitazama kibao, akatazama gari la Mwenyekiti, naye akakata. Akafuata mwingine, na mwingine.

"Mbona Mwenyekiti amekata?" Kijiti aliuliza.

"Yeye anaishi hapa."

"Na hao wengine?"

"Hao washenzi tu," msichana alisema, akawasonyea washenzi mmoja mmoja. Mwenyekiti hakumsonyea. Mtu mzima hasonyewi, na zaidi ya hapo, alikuwa wa kwao.

Siku zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Fundi cherehani alikata na pikipiki yake kwa sababu banda lake lilikuwa palepale. Mwenye duka alikata kwa sababu alikuwa na mzigo. Mjomba alikata kwa sababu mayai hayapendi safari ndefu. Kila mkazi alikuwa na sababu, na nyuma ya kila mkazi uliburutwa mkia wa wageni. Jioni wakazi haohao walikaa vibarazani wakilalamika kwamba wageni wa siku hizi hawajui kusoma vibao.

Wiki ya mwisho ya majaribio, mama mdogo wa msichana alijifungua. Msichana na mama yake walikwenda kulala kwake ili kusaidia. Asubuhi mama akabaki na mzazi, na Mjomba akapita na pikapu kumchukua msichana. Ilibidi apitie nyumbani avae sare na kuchukua ufunguo wa darasa. Wiki ile ilikuwa zamu yake kufungua mlango. Akichelewa, darasa zima lingesimama nje, na mwalimu wa zamu hakuwa mtu wa kupewa hadithi.

Foleni ilikuwa imelala. Walipofika penye kona ya fundi cherehani, Mjomba alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Haya, Bi Msonyo. Wewe ndiye polisi wa kona hii. Nizunguke au nikate?"

Msichana akaangalia kibao. Akaangalia foleni, ndefu mpaka kwenye taa. Akilini akauona mlango wa darasa umefungwa na wenzake wamesimama nje wakimtaja.

"Kata tu, Mjomba. Leo tu."

Mjomba akacheka, akakata.

Asichojua msichana ni kwamba Bibi alikuwa amekaa siku nyingi akikiangalia kibao kwa mbali. Asubuhi ile barabara ilipotulia kwa muda, alimwambia Mkunga kwa sauti, "Nakuja." Akasimama. Akashuka kizingiti. Alikuwa amefika katikati ya barabara pikapu ilipoingia mtaani.

Mjomba alimwona, akafunga breki. Trei za mayai zikasukumana nyuma. Lakini gari jeupe la mizigo lililowafuata halikuwa na subira. Lilipiga honi, likachomoka pembeni ya pikapu, tairi moja likikwaruza ukingo wa mtaro, likapita mbele ya Bibi karibu kiasi cha kumpeperushia khanga. Likasimama hatua chache mbele. Dereva akatoa kichwa, uso umemwiva kwa hasira.

"Mnasimamaje katikati ya njia?"

"Wewe huoni kibao?" Mjomba alifoka, ameshashuka.

"Nimekiona. Nikakuona na wewe. Nimekufuata wewe, bwana."

Akatema mate nje ya dirisha, akaondoka.

Msichana alitaka kusonya. Alikunja mdomo, akavuta pumzi, lakini hakuna kilichotoka. Kinyaa kilikuwepo, tena kingi, ila mara hii hakikuwa na pa kwenda. Kilimrudia mwenyewe.

Mkunga alikuwa ameshaziba mdomo kwa viganja kule mlangoni kwake. Bibi hakuanguka. Aligeuka polepole, akarudi alikotoka, akaisimamisha fimbo nyuma ya mlango.

"Nilidhani kile kibao wamekiweka kwa ajili yangu," alisema, akaingia chumbani.

Msichana alichelewa shule hata hivyo, akaadhibiwa kusafisha vyoo vya wasichana, na hata harufu ya kule haikumchukiza kama alivyojichukiza mwenyewe. Jioni alimfuata Bibi chumbani.

"Bibi, ni mimi niliyemwambia Mjomba akate."

Bibi alikuwa akikunja nguo. Hakuacha kukunja. "Umeniambia mimi. Ni vizuri. Lakini mimi siendeshi gari."

Msichana alielewa. Akatoka hadi uani, akamkuta Mjomba akitoa mayai yaliyovunjika, ute ukimtiririka mpaka viwikoni.

"Mjomba, twende kwa Mwenyekiti."

"Kufanya nini?"

"Kusema kwamba sisi ndio tuliolileta lile gari."

Mjomba alijinusa mikono. "Ninanuka," alisema.

"Twende hivyo hivyo."

Mwenyekiti aliwapokea sebuleni kwake. Mjomba alieleza yaliyotokea bila kujipunguzia lawama. Msichana naye akasema sehemu yake. Mwenyekiti alisikiliza, akaivua miwani yake na kuifuta.

"Poleni sana. Lakini sisi ni wenyeji. Kile kibao ni cha wageni. Mimi ndiye niliyekihangaikia."

"Ndiyo maana wanakufuata, Mwenyekiti," msichana alisema. "Wanaona mwenye kibao mwenyewe anapita."

Mjomba alimkanyaga mguu kidogo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua tena. Alikuwa mtu wa kupenda sifa, na hakuwahi kufikiri kwamba anaongoza msafara wa namna ile.

"Mwanao ana mdomo," alimwambia Mjomba.

"Ni wa dada yangu, Mwenyekiti. Mdomo ni wa ukoo."

Mwenyekiti akacheka bila kupenda. Kisha akachukua kofia yake. "Kwa fundi cherehani tunakwenda wote. Mimi peke yangu atanibishia."

Walipita nyumba zenye magari na pikipiki, mlango kwa mlango. Kila walipofika, Mjomba alianza kwa kusema, "Mimi nimekata leo asubuhi, nikamletea mama yangu gari," na baada ya maneno hayo ilikuwa vigumu kwa mtu kuanza kutaja wageni. Fundi cherehani alibisha kidogo, akakubali kuisukuma pikipiki yake akitembea kutoka barabara kuu hadi bandani. Mwenye duka alinung'unika, akasema mzigo utamfikia baada ya saa tatu.

Asubuhi iliyofuata msichana alikwenda konani na Kijiti. Mhandisi alikuwa ameshafika. Alisimama chini ya banda la fundi cherehani, mikono nyuma, bila kumsalimia mtu zaidi ya lazima.

Gari la Mwenyekiti likatokea. Nyuma yake kulikuwa na teksi, taa yake ya kulia tayari inawakawaka. Mwenyekiti akafika penye kona, akamwona mhandisi, akawaona watoto, akaendelea moja kwa moja kwenye foleni akiwa amenyoosha shingo kama anapita mbele ya gwaride. Teksi ikasita. Dereva akatazama kibao, akatazama mtaa uliokuwa mtupu. Hakuna aliyetangulia. Akazima taa ya kulia, akamfuata Mwenyekiti kwenye foleni. Pikapu ya Mjomba nayo ikapita na mayai yake kuelekea kituo cha mafuta.

Alikuwepo mmoja aliyekata, kijana aliyetupa ganda la ndizi dirishani, na trafiki aliyekuja na mhandisi akamsimamisha kabla hajafika penye milango ya watu. Wengine walipita moja kwa moja.

Mhandisi alikaa mpaka saa tatu. Kisha akakitikisa kibao kuona kama nguzo imeshika. "Kitabaki," alimwambia fundi cherehani.

Jumatatu iliyofuata Bibi alimwita msichana kabla hajaenda shule, akamshika mkono. Walishuka kizingiti. Barabarani palikuwa kimya kiasi cha kusikia ndala zao. Bibi alivuka bila kuharakisha, na Mkunga alimpokea upande wa pili kana kwamba ametoka safari ya mbali.

"Nikwambie kitu, mjukuu wangu," Bibi alisema, bado hajauachia mkono. "Siku ile, gari jeupe halikunirudisha ndani. Lile silijui, nalo halinijui. Kilichonirudisha ni kuona pikapu ya nyumbani kwangu imelitangulia."

"Nisamehe, Bibi."

"Nilishakusamehe. Sasa sikiliza. Wewe unajua kuchukizwa, na si vibaya. Mtu asiyechukizwa na uchafu ataishi ndani yake. Lakini jambo likikuchukiza kwa mwenzako, liondoe kwako kwanza. Ukilipigia kelele huku unalifanya, hujachukizwa nalo. Umewaonea wivu tu wanaolifanya."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, nenda. Usichelewe tena, usije ukarudi vyooni."

Mkunga akacheka. Msichana akaweka mkoba begani, akatazama kulia na kushoto, akaenda shule.